Kabla Uso Haujagawanyika

Jumanne, 4 Machi
Mayai mengine leo. Nimekata vidirisha kwenye maganda, nikaziba kwa selotepu, nikayarudisha kwenye kiatamizi. Kifaranga bado ni uzi mdogo juu ya kiini. Naifuata ishara ile ile ya siku zote, protini inayoamuru uso ujigawe, jicho huku, jicho kule. Ishara isipofika, jeni haziwaki, uso haugawanyiki.
Kitengela ni vumbi tupu. Mutuku, daktari wa mifugo, amepiga simu kutoka Kajiado. Ana kitu anataka nikione. Hakutaka kukitaja.

Alhamisi, 6 Machi
Kajiado. Boma la Mama Lekishon, juu ya korongo. Watoto watatu wa mbuzi wamezaliwa wafu. Kila mmoja ana jicho moja, katikati ya uso. Nimeliona hilo kwa vifaranga niliowaharibu mwenyewe. Kwa mbuzi, sijawahi.
Mama Lekishon hakuwalilia mbuzi. Alinivuta kando, akanionyesha mkaza mwana wake, Silantoi, aliyekuwa akimimina chai.
"Huyu ako na mimba. Hii kitu inaweza ingia kwa watu?"
"Sijui, mama."
Nilikunywa chai. Nikapewa na chupa ya maziwa ya mbuzi niende nayo nyumbani. Mutuku alichuma mmea wa majani mapana kule korongoni. Kiangazi hiki hakuna kingine cha kijani. Mbuzi wanaula.

Jumatatu, 17 Machi
Nilichemsha majani yale, nikatia maji yake kwenye mayai. Leo nimefungua. La kwanza, jicho moja. La pili, jicho moja. Nikaacha kufungua. Nikatoka nje, nikasimama getini.
Ilinipasa kufurahi. Si laana kama watu wanavyohofia, ni mmea. Unaizima ishara. Nimemwambia Mutuku mbuzi watolewe korongoni leo hii, na maziwa yasinywewe.
Chupa yangu niliimaliza zamani. Chai ya asubuhi.

Ijumaa, 21 Machi
Niko na mimba.
Wafula, mume wangu, alipiga magoti pale pale jikoni akashukuru Mungu. Mimi nilikuwa nahesabu kurudi nyuma. Uso wa mtoto hugawanyika mapema mno, mama hajui hata kama amebeba. Wiki ile ile ya chupa ya maziwa.
Naogopa. Sijamwambia.

Jumapili, 23 Machi
Kanisani sikuimba. Tukitoka nilimwambia Wafula yote. Mlangoni akageuka.
"Maziwa kidogo hivyo?"
"Sijui kiasi kinachodhuru. Hata vitabu havijui, mmea wenyewe ni mgeni kwetu."
Alisonga ugali. Hakuna aliyekula.

Jumatano, 9 Aprili
Nilitia kwenye mayai maziwa aliyoniletea Mutuku, yaliyokamwa kabla mbuzi hawajahamishwa. Vifaranga wote wana macho mawili. Wafula aliposikia alicheka kwa mara ya kwanza. Mimi sikuweza. Yai si tumbo.
Halafu likanijia jambo lingine, nikakaa chini. Mbuzi waliozaa Machi walipata mimba Oktoba. Silantoi naye, Mutuku anasema, alipata Oktoba. Na yeye si chupa moja. Yeye alikunywa kila siku.

Alhamisi, 10 Aprili
Nimempigia Silantoi. Nilimwambia ukweli: huenda hakuna neno, huenda liko, sharti tupige picha ya tumbo.
"Bwana yangu asijue kwanza," akasema.
Anataka tusubiri mvua ipungue, barabara yao haipitiki. Mimi pia lazima nisubiri. Uso wa wangu bado ni mdogo mno kuonekana.

Jumamosi, 19 Aprili
Nimeota. Sitaandika.

Jumanne, 6 Mei
Kliniki, hapa Kitengela. Silantoi alikuja na mama mkwe wake. Tulikaa benchi moja, Wafula amesimama.
"Daktari, hata wewe unaogopa?" Silantoi akaniuliza.
"Sana."
"Basi tuingie pamoja."
Nililala mimi kwanza. Mama wa mashine ya picha alipaka yale mafuta baridi, akasogeza kifaa, akasogeza tena. Nilitaka kumpokonya kile kifaa. Kisha nikaona mwenyewe. Vitundu viwili vyeusi, na mfupa wa pua katikati. Niliangalia mpaka machozi yakaziba yote.
Kisha Silantoi. Wake ni mkubwa, uso umejaa skrini nzima. Sikuweza kutazama, nikamtazama Mama Lekishon. Midomo yake ilikuwa ikienda bila sauti.
"Macho ni mawili," mama wa mashine akasema. "Na huyu amechoka na sisi. Ona."
Mtoto alikuwa anapiga miayo.
Silantoi aliziba mdomo kwa mkono. Mama Lekishon akasema neno kwa Kimaasai, polepole, wala hakuna aliyelitafsiri.
Tulitoka tukakaa kivulini. Wafula akanunua soda. Tulikunywa bila haraka.