Revo Aonjeshwa Waini Mbele ya Mkwe

Nasma, acha unachofanya. Kaka Revo leo kaumbuka!

Si unajua aliwaapia kina Kija mchumba wake, wakwe zake watarajiwa, kwamba hanywi pombe? REVO! Revo huyuhuyu aliyetuzoesha waini!

Sasa mchana kamwalika Mzee Pius, baba yake Kija, katoka Sengerema kuja kula sato pale hotelini ziwani. Tangu avuke ziwa kuja huku anamwita Revo "wewe kijana". Revo kaagiza maji. Mzee kaagiziwa waini nyeupe ya Ujerumani, ya baridiii.

Mhudumu akammiminia mzee kidogo aonje. Mzee akakunja uso. "Tangu lini mgeni akaonja kwanza? Kwetu anaonja aliyeleta, tujue haina sumu."

Akamsukumia Revo glasi. Nasma, REVO!

Asipokunywa ni mchawi, akinywa ni mwongo. Jasho hilo!

Akanywa. Si angeishia hapo? Wapi! Akafumba macho, akaizungusha mdomoni, akasema taratibu kabisa, "Aisee. Zabibu za hii zimekulia kwenye baridi hasa. Inachangamsha kama ndimu, halafu mwishoni inakuachia tufaa bichi. Ukimshushia nayo huyu sato, unasahau kwenu."

Kija, aliyekaa pembeni ya baba yake, kainamia sahani. Revo ndo anafumbua macho, anakumbuka yuko wapi.

Mzee akamtazama weee. Kisha akaivuta glasi yake.

"Mchawi sijamwona. Mnywaji nimemwona. Haya mimina, mkwe."