Mama mkwe na baruti yake

Yamile, uko wapi? Tuko hai sote. Nacheka mpaka mbavu zinauma.

Si unamjua mama mkwe Edilma na mchezo wake wa tejo? Miaka yote anarusha kile chuma kwenye udongo, hajawahi kulipua hata kijikaratasi kimoja cha baruti kinachotegwa humo. Leo karusha, PUUU!

"Nimelipua! Nimelipua!" Anacheza, bia inamwagika.

Shoga, kumbe mlio ule ni wa waasi! Wameshuka mlimani, wanawamiminia risasi askari pale darajani! Sisi tumelala kifudifudi, vigae vinatuangukia, yeye anatufokea: "Wivu tu! Inukeni mnipongeze!"

Askari mmoja kaingia akitambaa, kamvuta mguu. "Mama, lala chini!"

"Kwanza kiri nimelipua!"

Yaani risasi zinalia, yeye kwanza kiri!

Waasi walipoondoka nikachungulia kwenye udongo. Kijikaratasi kizima kabisa, chuma hata hakijakigusa.

Askari naye akakiona. Damu inamtiririka sikioni, katoto ka watu. Akakiokota polepole, akakitia mfukoni.

"Umelipua, mama. Nimeona kwa macho yangu."