Kwa Muuguzi Aliyekataa Kuwa Shangazi Yangu

Mpendwa Muuguzi,

Jina lako silitaji, kwa sababu nawe hukutaja langu mbele ya mtu yeyote muda wote nilipokuwa mgonjwa wako. Lakini barua hii naiacha wazi. Mwalimu wa elimu ya watu wazima ataibandika kwenye gazeti la ukutani hapa Kasulu, na nakala nyingine itabandikwa Kibondo, ulikohamishiwa.

Unakumbuka nilivyokuja hospitalini. Karani wa ofisi ya wilaya, shati limepigwa pasi, cheti cha kidato cha nne kimetunzwa sandukuni, lakini mbele ya watu watatu sikuweza kutoa neno. Koo lilifunga, moyo ulikwenda mbio, vidole vikafa ganzi. Mkubwa wangu alikuwa amekwisha kusema kwamba karani asiyeweza kutafsiri Kiswahili kwa Kiha mkutanoni arudi kwao akalime mihogo. Kwetu ni Heru Juu, na mihogo ipo ya kutosha.

"Huu ni ugonjwa, wala si kichaa," uliniambia. "Tutakwenda nao polepole."

Kisha ukaweka sharti lililonichoma. "Tukikutana sokoni sitakusalimia. Ukianza wewe, nitaitika. Usipoanza, nitapita."

Sisi Waha hatupitani hivyo. Mtu akikupita bila kukuuliza habari za nyumbani, za watoto na za ng'ombe, ujue mna kesi. Ukaeleza kwamba watu watauliza tunajuana wapi, na jibu hilo ni mali yangu. Kweli, siku ya soko ulinipita huku ukiyatazama maharage kana kwamba hujawahi kuyaona.

Kila Alhamisi ulinisomesha matangazo ya ofisi kwa sauti, kwanza nikiutazama ukuta, baadaye nikikutazama wewe. Nikaanza kukuona mtu wa nyumbani. Kwa hiyo nilipopewa amri ya kwenda Muyama kutafsiri kwenye mkutano wa kijiji kipya, watu walikohamishiwa kutoka mashamba yao ya mlimani, nilifanya kama tufanyavyo tukiwa na ombi zito: nilibeba kibuyu cha pombe ya ndizi nikaja nyumbani kwako.

"Nimekuja kukuomba uwe shangazi yangu," nilisema. "Na uje Muyama, usimame mbele nikuone."

Hukunikaribisha kiti. Ulisimama mlangoni. "Kwenu shangazi kazi yake nini?"

"Kunisemea kwa baba."

"Basi siwezi. Mimi nataka useme mwenyewe. Muyama siji. Pombe hii mpelekee shangazi uliye naye, umweleze unakwenda kufanya nini. Alhamisi njoo hospitalini kama kawaida."

Nilipanda mlima wa Heru Juu na kibuyu changu, nikilia kwa hasira. Shangazi alikuwa mtu wa kwanza, baada yako, kuambiwa habari za ugonjwa wangu. Alisikiliza, akaonja, akatikisa kibuyu.

"Ana roho ngumu huyo mama," alisema. "Lakini kibuyu amekirudisha kimejaa. Angekuwa na hila angekunywa kwanza. Nenda Muyama."

Nilikwenda. Watu walikuwa wamekaa kwenye majani hadi kwenye migomba. Ofisa akasema sentensi zake tatu, akanigeukia. Koo likaanza kufunga. Nikakutafuta kwa macho kati ya kanga za akina mama, ingawa ulikwisha kuniambia hutakuja. Hukuwapo. Wa kutazamwa walikuwa wao tu, basi nikawatazama wao.

Nilianza kwa sauti ya mbu. Mwanamume mmoja akaita, "Ndugu karani, unaitafsiria kola ya shati lako?" Wakacheka. Nami nikacheka, na koo likafunguka.

Ndipo bibi mmoja akasimama. "Muulize, migomba yangu ya kule juu nitaivuna, au ndiyo imekwenda?"

Nilitafsiri. Ofisa akakunja uso, akanong'ona, "Hilo liruke."

Muuguzi, mikono ilikuwa imelowa. Nikasema, wote wakisikia, "Ndugu, ameuliza, na anasubiri jibu."

Alikohoa. Akatazama watu, akatazama viatu vyake. "Mwambie avune."

Nilimwambia bibi yule kwa Kiha, kwa sauti iliyofika hadi migombani, na akina mama wakapiga vigelegele.

Siku ya soko iliyofuata ulikuwa umeinamia maharage yako. Nikaita kutoka mbali, "Mwakeye, Muuguzi!" Ukageuka, ukapiga makofi yetu yale ya salamu, ukaniuliza habari za nyumbani, za watoto nisio nao, za ng'ombe nisio nao. Hatukuruka hata moja.

Mwenzangu wa ofisini akauliza, "Unamfahamu wapi huyo?"

"Alikuwa akinitibu woga."

"Kumbe woga una dawa?"

"Unayo. Chungu kidogo."

Hadi leo mikono hulowa kabla ya mkutano. Juzi ililowa Nyakitonto, na nikatafsiri mpaka mwisho. Habari za mihogo mkubwa wangu hazitaji tena.

Najua huko Kibondo yupo mtu unayempita sokoni, naye anarudi nyumbani na donge. Ningekuomba umsimulie habari zangu, lakini najua hutamwambia hata neno. Ndiyo maana nazitoa zibandikwe ukutani, azisome mwenyewe.

Ukae salama, na usijibu. Nimeshakuzoea.

Niliyekuwa mgonjwa wako,
mpwa wa shangazi mwingine