"Especially" za Mwalimu Hezron

Nakuru, Jumatano, 13 Juni 1956

Nafasi ya ukarani niliipoteza juzi Jumatatu, kwa alama mbili. Hesabu nilipata tisini na sita. Kiingereza, ambacho pasi yake ni hamsini, nikapata arobaini na nane.

Leo karani mkuu wa stesheni amenionyesha insha yangu. Kila "especially", yaani "hasa", imezungushiwa wino mwekundu. Nilikuwa nimeandika kwamba napenda kazi zote, especially zote. Akacheka. "Bwana Musa, sasa hapo umechagua ipi?"

Mwalimu Hezron wa darasa la jioni ndiye aliyetuambia tuinyunyize kama chumvi, eti mtahini ataona tumesoma. Darasa zima tuliinyunyiza. Darasa zima tukaanguka.

Nilipomwuliza jioni hii, akaniangalia viatu. "Wewe mpakia magunia ndiye wa kunisahihisha?"

Ndiyo, napakia magunia. Na karo yako nailipa kwa hayo magunia.

Naogopa. Mtihani wa Agosti ndio wa mwisho kwangu, baada ya hapo umri utakuwa umenipita na nitabaki na magunia mpaka mgongo...

Lakini nitaurudia. Nimeshaandika sentensi ishirini. Kwanza nataja vitu vyote, halafu nachagua kimoja: najua stesheni zote mpaka Molo, especially Njoro, nilikoanzia kazi. Nadhani ndivyo. Sina hakika.

Kwa hiyo, Mwalimu, kesho nitakuwekea karatasi ya sentensi hizi mezani. Kabla ya saa kumi na mbili jioni uniambie mbele ya wenzangu: unajua kuzisahihisha, ndiyo au hapana?