Mikono ya Mashati Baada ya Kengele

Dada yangu mpenzi,

Salamu nyingi zikukute hapo ulipo, na mgongo wako uwe umepoa. Mimi mzima, afya imenijaa hata milango inanibana.

Unajua kwamba karakana hii ya ushonaji bila mimi ingekuwa nyumba ya panya. Nakata kitambaa kwa jicho tu, bila chaki, na mkasi wangu ukilia mtaa mzima hunyamaza. Sasa nisikilize, maana mwanao nusura amwage unga.

Tajiri wetu, tunamwita Kengele, alipiga marufuku mtu kubaki kazini baada ya kengele bila ruhusa yake. Alichoka kulipa saa za ziada asizoziagiza. Mimi msimamizi ndiye wa kuwatoa watu. Basi juzi akakuta cherehani ya mwanao ingali na moto, wenzake wameshaondoka. Na alikuwa ameshamwonya. Asubuhi akatukusanya mafundi wote, akasema saa alizofanya atamlipa, ni haki yake, ila kibarua kimeota nyasi.

Nilimgeukia mwanao kwa sauti yangu ile unayoijua, nikamuuliza alikuwa anashona nini kisichoweza kungoja kuche. Nikamwambia anaiaibisha damu yetu. Machozi yakamlenga, mdomo kaufunga kama mshono. Ndipo mama mmoja wa vifungo, asiyemung'unya maneno, akanikabili.

"Anashona mikono yako, msimamizi. Kila shati unalokata, mkono mmoja mfupi. Anafumua, anakata mwingine, ili usifukuzwe wewe."

Dada, mimi niliwahi kukodoleana macho na chui, akaondoka yeye. Siku hiyo sikujua pa kuyaweka macho yangu. Na ubaya ni hayo hayo macho. Tangu mvua zilizopita mstari wa chaki nauona miwili. Ndiyo maana nikajitangaza nakata bila chaki.

Nikamwambia Kengele mbele ya wote, "Wa kuondoka ni mimi. Sioni."

Akanitazama. Kisha akaamua: mwanao abaki, akate yeye, na akibaki tena bila ruhusa hatamsikiliza mtu. Mimi kanivua usimamizi, kanipa pasi. Lakini usihuzunike, makunyanzi yakiniona hujinyoosha yenyewe. Kengele ikilia, mwanao ndiye anayekuja kunitoa: "Mjomba, zima, twende."

Miwani nimepata. Nimemtazama vizuri sasa, dada. Kakonda.

Wasalimie wote wanaoniulizia, na wasioniulizia uwakumbushe.

Ni mimi kaka yako,
Mpiga pasi