"Once" ya Mume Wangu

Jumamosi, Bomet. Mvua ya mawe imechapa majani chai tangu saa nane, na mimi nimekasirika kuliko hiyo mvua.

Nina wiki tano kwa ndoa. Mume wangu (jamani, bado naona raha kuandika neno hilo) anaitwa Kiprono. Ana ng'ombe watatu na kishamba cha chai, na akitabasamu nasahau sufuria motoni. Juzi aliniletea picha yetu ya harusi ikiwa kwenye fremu. Chini yake fundi ameandika kwa rangi ya dhahabu maneno aliyoyatunga Kiprono mwenyewe, kwa Kiingereza: "I loved you once."

Alitaka kusema alinipenda mara moja. Papo hapo, siku ile aliponiona mara ya kwanza kwenye kituo cha kupimia majani, nikiwa na kikapu mgongoni na matope hadi magotini. Aliuliza simu "mara moja" ni nini kwa Kiingereza, simu ikamjibu "once", akaiamini. Hakujua kwamba "once" peke yake hapo ni ya mambo ya zamani, yaliyokwisha. Papo hapo ni "at once".

Mimi nilijua. Nililia kwa furaha hata hivyo, nikaitundika juu ya kochi.

Leo jioni akaja Faith, aliyenisimamia siku ya harusi. Anafundisha Kiingereza shule ya upili. Alisoma, akaweka kikombe chini, akacheka hadi akashika mbavu.

"Haki Chela, shemeji alikupenda kitambo, ikaisha. Umeachwa kabla keki iishe."

Kisha akaipiga picha na kuituma kwa grupu ya kamati ya harusi.

Kiprono alikuwa mlangoni na ndoo ya maziwa.

Hakugomba. Alimsalimia mgeni vizuri, akaitoa fremu ukutani polepole. Faith alipoondoka, akaniambia, "Jumatatu nairudisha kwa fundi afute. Mambo ya kuandika nakuachia wewe mwenye shule."

Mwenye shule! Yeye aliyeacha masomo darasa la saba ili wadogo zake wasome. Faith anajua kila matumizi ya hilo neno, lakini hajui kunyamaza ndani ya nyumba ya mtu. Nimemwandikia kwenye grupu aifute ile picha. Amenijibu kwa vikatuni vya kucheka. Nimejitoa.

Lakini kuna kitu nimekizunguka tangu nianze kuandika.

Faith alipocheka, mimi pia nilicheka.

Kidogo tu, nikaziba mdomo. Sijui Kiprono pale mlangoni alisikia kicheko cha mtu mmoja au cha wawili. Kumkasirikia Faith ni rahisi, nimefanya hivyo jioni nzima.

Sasa yuko nje anafunga ndama. Naweka simu chini, naenda kumwambia.

Akiniuliza nilikuwa nacheka nini, nitamjibu nini?