Mishale Alivyoiweka Mama

Kaka,

Maharage yamo jikoni, yapashe moto. Nguo zianue kabla ya jua kuzama.

Asubuhi nimeona saa ya ukutani inasema sita. Nikadhani nimelala hadi mchana, nikakimbilia kazini na kandambili zako bila hata kutazama jua. Fundi cherehani akacheka: "Mwanangu, hata kuku hawajaamka!" Nimerudi kubadili viatu.

Najua uliirekebisha hiyo saa ifuate simu yako. ~~Umeniudhi.~~ Hukukosea. Ila marehemu mama ndiye aliyeipanga mishale, ikifika saa moja mshale ukae kwenye moja, si kwenye saba, ili nami niliyeacha shule nisihangaike. Nikiitazama bado namsikia: "We malkia wa shuka, moja hiyo!"

Nimeirudisha. Tafadhali usiiguse.

Mdogo wako